Ufafanuzi: Grime si hip hop ya Marekani yenye lafudhi ya London

Ujumbe unaozunguka kwenye magrupu kwamba Grime ni hip hop ya Marekani iliyobadilishwa lafudhi si sahihi. Muziki huu ulizaliwa mashariki mwa London mwanzoni mwa miaka ya 2000, kutokana na UK garage na jungle (mitindo ya muziki wa kielektroniki wa klabu za Uingereza) na dancehall ya Jamaika, ukakuzwa na redio zisizo na leseni. Sikiliza “Pulse X” ya 2002, mojawapo ya rekodi zake za mwanzo, na ya lazima kwa anayetaka kuuelewa: ni biti tupu. Hesabu mapigo kwa sekunde 15; utapata takriban 35, yaani 140 kwa dakika. Hip hop nyingi huenda taratibu zaidi. Kinachochanganya ni kwamba katika Grime na hip hop pia, wasanii huchana (hurap). Ukiletewa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Badala yake, mtumie aliyekuletea rekodi ya “Pulse X” ahesabu mwenyewe.