Krasha la kuhama: kabla hujalipa advansi, hesabu utalihamisha mara ngapi

Swali tunaloulizwa sana na wachimbaji wenye leseni ndogo (PML) kuhusu krasha, yaani mashine ya kuvunja mawe, ni hili, "mhandisi, ninunue krasha la kuhama au nijenge la kudumu?" na mara nyingi anayeuliza ameshaoneshwa video ya mashine inatembea kwa cheni zake yenyewe, inameza mawe huku inatema kokoto, moyo umeshakubali amebaki kutafuta hela tu. Sasa ngoja tuongee hesabu kidogo.

Krasha la kuhama ni ghali kuliko la kudumu la uwezo uleule kwa sababu unanunua injini, haidroliki, cheni au matairi, vyote juu ya ile taya inayovunja jiwe. Kama utakaa sehemu moja miaka mitano unalipia miguu usiyoitumia. Angalia Lugoba kule Chalinze, machimbo yanalisha kokoto Dar miaka na miaka, mwamba upo palepale na soko lipo palepale, hapo mtambo wa kudumu unaeleweka, na kama laini ya umeme imefika unaachana na dizeli kabisa. Ila mkandarasi wa barabara ambaye leo anavunja mwamba huku na baada ya miezi kadhaa kambi inasogea mbele, huyo la kuhama linamlipa, kwa sababu kokoto inatoka kwenye mwamba wa jirani na kwenda moja kwa moja barabarani, hakuna kubeba jiwe kwenda mtamboni halafu kulirudisha.

Wa dhahabu naomba wanisikilize vizuri hapa. Kuna watu wanaamini krasha likisogezwa mpaka kwenye duara (shimo la dhahabu) gharama ya usafiri itapungua. Tani 100 za mawe ukizivunja ni tani 100 zilezile, lori litabeba tu mzigo uleule, labda kama mnachambua kwanza na kutupa mawe yasiyo na kitu. Tena krasha la taya linapunguza jiwe kama mara nne mpaka sita, linaingia la sentimita 50 linatoka la 10 hivi, na dhahabu yetu ya kwenye kwazi (jiwe gumu, quartz) inataka unga. Kwa hiyo boli mili, pipa la kusagia lenye mipira ya chuma, unaihitaji vilevile, na ndiyo inayokula nguvu nyingi zaidi. Mtu anaweza kumaliza mtaji wote kwenye taya halafu anapanga foleni kwenye mwalo (sehemu ya kuchenjulia dhahabu) wa jirani kusaga.

Uwezo ulioandikwa kwenye karatasi ya muuzaji nao usiuchukue mzima mzima. Akisema tani 200 kwa saa anamaanisha mwanya wa kutokea umefunguliwa mpaka mwisho, mawe makavu, hayana udongo, na ekskaveta hailali. Mdomo wa mita 1 kwa sentimita 60 usiulishe jiwe linalozidi kama sentimita 50, likizidi linakaa juu linaziba na kazi inasimama. Dizeli sasa: tuseme mashine ya kati inakula lita 25 kwa saa, saa 8 ni lita 200, na hapo ekskaveta ya kulisha sijaiweka. Ukivunja tani 400 siku hiyo ni nusu lita kwa tani, ukivunja tani 80 kwa sababu shimo halitoi mawe ya kutosha ni lita mbili na nusu. Hata ukitoa kidogo kwa muda inaposubiri, bado tofauti ni kubwa mno. Wachimbaji wadogo wengi wanaangukia hapo kwenye 80.

Na lile neno kuhama lisikudanganye, lile la cheni linatembea ndani ya eneo tu, polepole kuliko mtu anavyotembea. Kutoka Chunya kwenda Singida linapanda lobedi, trela la chini la kubebea mashine nzito. Mashine ya tani 32, ongeza kichwa cha lori na trela yenyewe, unagusa au unapita tani 56 ambazo ndio ukomo wa uzito wa jumla kwa sheria ya Afrika Mashariki ya 2016, na kwa kuwa mzigo haugawanyiki unafuatilia kibali cha mzigo usio wa kawaida kabla hujafika mizani. La matairi linavutwa na kichwa cha lori, nafuu barabarani, ila likifika linataka kusimamishwa kwa jeki na sehemu iliyosawazishwa.

Aina ya jiwe nayo. Chokaa kama ya Tanga unaweza kutumia krasha la nyundo na likakupa kokoto yenye umbo zuri, ila ukililisha kwazi nyundo zinalika haraka na pesa inaishia kwenye vipuri. Kwazi ni taya, na hata taya za chuma cha manganizi zinaisha, tofauti ni kasi tu. Vumbi la kwazi ni silika, linaharibu mapafu moja kwa moja, kwa hiyo maji ya kunyunyizia yawe kwenye bajeti kabla ya rangi ya mashine.

Ukinunua la mtumba, mwambie fundi alale chini aangalie togo, kile chuma kinachosukuma taya kutoka nyuma. Kwenye mashine nyingi kimetengenezwa kivunjike chenyewe ili fremu ipone kikiingia chuma, mfano jino la bakuli la ekskaveta. Ukikuta kimechomelewa au kimeongezewa bamba, jua kilishavunjika na mtu akaua ulinzi wenyewe, basi tafuta nyufa kwenye fremu. Na jiwe likikwama zima injini kwanza, usiingize nondo taya zinacheza, nondo inarudi kama risasi.

Kama bado hujui mwamba wako unatoa tani ngapi kwa siku, kodi kwanza. Ukodi kwa tani iliyopimwa, sio kwa saa, vinginevyo utalipia mashine ikisubiri ekskaveta yako. Mkataba useme dizeli ni ya nani, nani analipa lobedi kuja na kurudi, na taya zikiisha katikati ya kazi nani ananunua mpya, maana hilo la mwisho ndilo linalowafikisha watu polisi.