Laptopu ya gemu kwenye joto la kaskazi: ninayoyakuta nikifungua kifuniko

Kijana mmoja wa mtaa wa Mkomani, hapa Lamu, aliniletea laptopu yake ikiwa imeviringishwa kwenye kikoi, ameikumbatia kama mtoto mwenye homa. "Fundi, yazima yenyewe. Naingia gemu la mpira, dakika kumi hazifiki, giza." Alikuwa ameshaambiwa kwamba bodi imeungua na anunue nyingine. Nikamuuliza huwa anaiweka wapi akicheza. Kitandani. Godoro la nini? La sufi.

Nilifungua skrubu, nikainua kifuniko cha chini. Mabawa ya feni yalikuwa na vumbi jepesi tu, na hapo ndipo watu wengi hudanganyika: wanachungulia feni, wanaiona safi, wanafunga. Nikang'oa feni ya kushoto. Nyuma yake, pale hewa inaposukumwa kupita kwenye mapezi ya shaba, vile vibati vyembamba vya kutolea joto, palikuwa na kitu mfano wa kitambaa. Nikakishika kwa kibano, kikatoka kizima kwa mvuto mmoja: kipande cha urefu wa kidole, cha kijivu, kizito kwa unyevu, nyuzi za sufi zimesukana na vumbi la njiani na manyoya ya paka. Ukikisogeza puani kinanuka bahari. Upande wa kulia kulikuwa na pacha wake.

Bodi haikuwa imeungua. Laptopu ilikuwa imezibwa pumzi.

Naandika haya kwa sababu msimu wa kaskazi kazi ya aina hii hunijia kila wiki, na kila wiki namkuta mtu aliyetoa hela nyingi kununua mashine nzuri halafu akaambiwa imekufa, kumbe inataka kusafishwa na kuwekwa mahali pake. Inaniuma. Hapa Lamu laptopu ya gemu ni akiba ya miezi, pengine ya mwaka mzima.

Kwanza lijulikane jambo moja: ndani ya laptopu hakuna kitu kinachotengeneza baridi. Hakuna friji mle. Prosesa ya laptopu ya gemu hula wati 45 na kupanda, kadi ya picha hula 80, 100, nyingine hadi 140, na karibu umeme wote huo huishia kuwa joto. Chukua balbu mbili za zamani za wati 100 uziwashe ndani ya sinia lenye kifuniko. Hilo ndilo joto tunalolizungumzia. Kazi ya shaba na feni ni kulisafirisha tu. Linatoka kwenye chipu ya prosesa au ya kadi ya picha, linapita kwenye pesti, ile krimu iliyopakwa kati ya chipu na shaba, linaingia bamba la shaba, linapanda mirija ya shaba. Ndani ya mirija hiyo mna maji kidogo mno. Yanageuka mvuke upande wa moto, mvuke unakimbilia upande wa mapezi, unapoa, unarudi kuwa maji na kunyonywa na utambi uliomo kwenye kuta za mrija hadi yalikotoka. Mapezi hulikabidhi joto kwa hewa, na feni huitoa hewa hiyo nje. Safari ikikwama popote, joto hurudi nyuma mpaka kwenye chipu.

Prosesa nyingi za Intel zina kikomo cha nyuzi 100, za AMD nyingi ni 95 au 100, na kadi nyingi za Nvidia za laptopu hujizuia zikikaribia 87. Chipu ikigusa kikomo hicho haifi. Inajipunguza kasi yenyewe ili ipoe, ndipo unapoona gemu linakatakata katikati ya shambulizi. Ikishindwa hata kwa kujipunguza, inazima kila kitu kujinusuru. Kwa hiyo ukiona nyuzi 82 au 85 unapocheza, usihangaike, ndivyo mashine hizi zilivyoundwa. Ukiona 97 na kasi inashuka, hapo kuna kazi ya kufanya. Programu ya HWiNFO ni ya bure na itakuonyesha joto la kila sehemu. Iwashe kabla ya gemu, cheza nusu saa, kisha usome safu ya kiwango cha juu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo video za mtandaoni hazikuambii, kwa kuwa wanaozirekodi hawaishi kwetu. Mtu anasema laptopu fulani haipiti nyuzi 85. Ameipima wapi? Kwenye chumba cha nyuzi 21 au 22. Feni haiwezi kukipoza kitu chini ya joto la hewa inayoivuta. Hewa ya chumba ikipanda nyuzi kumi, chipu nayo hupanda karibu kumi. Mimi nina kipimajoto ukutani hapa kibandani Langoni, na Februari na Machi mchana hukisoma 32. Fanya hesabu: 85 ya yule bwana huku kwetu ni 95. Mashine ni ileile, haina kasoro, ila imepoteza nafasi yote ya kupumua. Ndiyo maana kijana anarudi likizo kutoka Nairobi na laptopu iliyokuwa ikimtii vizuri, akifika hapa inamgomea. (Nairobi nayo ina shida yake: iko juu zaidi ya mita 1,600, hewa yake ni nyepesi, na feni ikizunguka vilevile husukuma hewa pungufu kwa uzito. Lakini ubaridi wa kule hufidia.)

La pili ni chumvi. Vumbi la bara ni kavu, ukilipuliza linaruka. Vumbi la kwetu haliruki, na sababu yake inajulikana. Chumvi ina tabia ya kunywa maji kutoka hewani, na unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi, punje ya chumvi huyeyuka yenyewe ikawa tone. Sisi tuko juu ya kiwango hicho siku nyingi za mwaka, hasa usiku na alfajiri. Basi upepo wa bahari unaingiza chembe za chumvi, feni inazimeza, zinatua kwenye mapezi, usiku zinalowa, asubuhi vumbi linanasa juu yake, mchana joto la gemu linalikausha. Kesho tena. Tabaka kwa tabaka, mpaka linakuwa kile kitambaa nilichokivuta kwa kibano. Ukiongeza samadi ya punda iliyokauka na kusagika vichochoroni, na sufi ya godoro, umepata zulia kamili. Na chumvi haiishii kuziba. Nimefungua laptopu za Shela, nyumba zilizo hatua chache kutoka ufukweni, nikakuta mapezi ya shaba yameota kijani na skrubu zimeshikwa na kutu hadi bisibisi inateleza.

Kwa hiyo hapa kwetu blowa peke yake haitoshi. Hewa ya nguvu hulikunja lile zulia na kulibana zaidi pembeni. Inabidi feni ing'olewe, zulia litolewe kwa mkono, na mapezi yapitishwe brashi laini yenye spiriti safi ya asilimia 99, si ile ya kusafishia vidonda yenye maji ndani yake. Ukipuliza, zuia bawa la feni kwa kidole au kijiti, maana likizungushwa kwa kasi kuliko lilivyoundwa, beringi yake huharibika. Kabla ya lolote chomoa waya wa betri kwenye bodi. Na tafadhali, usitie mafuta ya cherehani kwenye feni inayopiga kelele. Nilipokea moja iliyotiwa. Kwa wiki tatu ilinyamaza, kisha vumbi likanata kwenye mafuta, feni ikasimama kabisa. Feni inayokwaruza hubadilishwa.

Siyo kila laptopu ya moto ni chafu, lakini. Mwaka jana nilisafisha moja nikampa mwenyewe, na baada ya siku mbili akarudi: bado ni 98. Niliifungua, ndani inang'aa. Nikamwambia tuende nyumbani ukanionyeshe. Ni nyumba ya zamani, ya mawe ya matumbawe, kuta nene, na ukutani zidaka, vile vishubaka vya kuwekea vitu, zimepangwa vizuri kama zilivyoachwa na wazee. Laptopu ilikuwa ndani ya kidaka. Alikipenda kwa sababu ni salama, watoto hawafiki, na kina urefu wa meza. Kumbe matundu ya kutolea hewa yako nyuma, na nyuma ni ukuta, kushoto ukuta, kulia ukuta. Hewa ya moto inagonga jiwe, inageuka, inaingia tena chini ya laptopu. Niliweka kipimajoto ndani ya kidaka akicheza: 41. Chumbani palikuwa 30.

Tulihamisha laptopu kwenye kimeza karibu na dirisha, nyuma ikibaki wazi kiasi cha shibiri moja. Chini ya miguu ya nyuma nikaweka vipande viwili vya boriti vilivyokatwa, unene wa vidole viwili. Hakununua kitu. Ilishuka hadi 84.

Ndiyo maana mteja akiniuliza bei ya zile feni za kuwekea laptopu juu, kwanza namuuliza juu ya meza, ukuta na dirisha. Feni za chini husaidia, ila nyingi kazi yake kubwa ni ileile ya kipande cha boriti: kuinua laptopu ivute hewa. Pangaboi likizunguka juu yako linakufaa wewe mwenye jasho. Laptopu haina jasho, inafaidika tu kwa kuwa hewa ya chumba inachanganyika na ile ya moto haikai palepale. Kama chumba ni cha mabati, kama vingi vya Wiyoni, saa nane mchana si saa ya gemu zito. Cheza baada ya isha. Tofauti ya nyuzi tano za chumba ni tofauti ya nyuzi tano za chipu.

Kuna mipangilio miwili ninayoiweka kwenye laptopu ya kila mteja anayekubali. Wa kwanza ni kufunga fremu, yaani kuwekea kikomo idadi ya picha zinazotengenezwa kila sekunde. Kama skrini yako ni ya fremu 60 kwa sekunde, hakuna faida kadi ya picha kutengeneza 140. Hizo 80 za ziada hutaziona, lakini joto lake utalihisi mapajani. Funga kwenye 60 ndani ya gemu lenyewe. Wa pili uko kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, sehemu ya prosesa: kiwango cha juu kabisa kiondoe kwenye asilimia 100 ukiweke 99. Asilimia moja hiyo, kwenye laptopu nyingi, huzima ile kasi ya ziada ambayo prosesa hujipandishia. Kwenye laptopu ya yule kijana wa Mkomani, baada ya usafi, prosesa ilitoka 91 ikafika 76, na gemu lake la mpira likabaki kwenye fremu 60 kama kawaida. Gemu zinazoitegemea sana prosesa zitapungua kidogo, nakiri. Kwa laptopu mpya zinazouficha mstari huu, tumia programu ya mtengenezaji, uchague hali ya wastani badala ya ile ya nguvu zote.

Pesti ni suala la fundi, lakini ujue wakati wa kuuliza. Pesti ya kawaida hukauka, na joto la kupanda na kushuka huisukuma pole pole kutoka katikati ya chipu kwenda pembeni. Dalili yake ni joto kuruka kutoka 50 hadi 95 ndani ya sekunde chache ukifungua gemu, hali feni na mapezi ni safi. Kwa hali ya hewa yetu huibadilisha kila baada ya mwaka mmoja na nusu au miwili. Muulize fundi wako pia kuhusu pedi, vile vipande laini vya juu ya memori. Unene wake una maana kubwa. Nilipokuwa bado najifunza niliweka pedi za milimita 1.5 mahali pa 1, nikafunga, nikawasha. Ikapanda hadi 100 na kuzima kabla sijaweka bisibisi chini. Pedi nene ziliinua bamba lote, shaba haikuigusa chipu. Tangu siku ile hupima pedi ya zamani kabla ya kuitupa. Na kama fundi akikuta chuma cha majimaji kinachong'aa mahali pa pesti, aache kama hana uzoefu nacho. Kinapitisha umeme, na kinaila alumini.

Barafu, usiweke. Wala usiitie laptopu kwenye friji. Nimeletewa iliyotoka humo. Hewa yetu ina maji mengi kiasi kwamba kitu chochote baridi hutoa jasho papo hapo, nje na ndani, juu ya bodi. Jambo hilohilo humpata mtu anayetoka ofisi yenye eisi na kuwasha laptopu barazani. Iache ndani ya mkoba uliofungwa nusu saa, ipate joto la mahali, ndipo uiwashe.

Betri nayo huumizwa na joto pamoja na kukaa imejaa. Kama unacheza umechomeka umeme siku zote, weka kikomo cha kuchaji asilimia 80 ikiwa laptopu yako inacho. Ukiona kibao cha kugusa kimeinuka au kifuniko cha chini hakikai sawa juu ya meza, izime na uilete. Hiyo ni betri imevimba, na haichezewi hata kwa dakika moja.

Kijana wa Mkomani nilimwambia aje tena mwisho wa Machi, kaskazi ikikaribia kulegea. Alikuja. Alikuwa ameacha kuiweka kwenye godoro, anatumia ubao wa mama yake wa kukandia unga wa mikate, na mama ameshajinunulia mwingine. Nilipofungua, nyuma ya feni palikuwa na mstari mwembamba wa vumbi, unaofutika kwa brashi mara moja. Skrubu moja imeanza kutu. Niliibadilisha, nikampa tarehe ya Agosti.