Loki ndani ya ndege ya 1971: yanayosemwa na yaliyo kweli

Sehemu ya kwanza ya tamthilia ya Loki, mungu mjanja wa katuni na filamu za kampuni ya Marvel, iliyotoka Disney+ tarehe 9 Juni 2021, ina kipande kifupi cha ndani ya ndege ambacho watu hawaachi kukisimulia: kinadai kwamba yeye ndiye D.B. Cooper, mtekaji wa ndege wa Marekani aliyetoweka mwaka 1971. Loki, akiwa na suti na tai, anamchekea mhudumu wa ndege, anampa kikaratasi, anapewa pesa, kisha anajirusha angani usiku na kudakwa na Bifrost, daraja la upinde wa mvua la miungu. Baadaye anajitetea kwamba alikuwa kijana na alishindwa dau na kaka yake, Thor. Tom Hiddleston ameicheza vizuri mno, na hapo ndipo tatizo linapoanza: utamu wa kipande hicho umebeba mengi yasiyo kweli.

"Huyu ndiye Loki aliyekufa mikononi mwa Thanos, adui mkuu wa filamu za Marvel, amefufuliwa."
Hapana. Huyu ni Loki wa mwaka 2012, aliyetoroka na Tesseract, mchemraba wenye nguvu za ajabu, baada ya vita vya New York vya filamuni. Kifo chake anakiona kwenye picha zilizorekodiwa tu, kama sisi.

"Loki na Thor ni ndugu tangu hadithi za kale."
Udugu huo umetoka Marvel, ambao Loki wao alianza kuonekana kwenye katuni za Thor mwaka 1962. Katika masimulizi ya watu wa Skandinavia, Loki amechanjiana damu na Odin, babake Thor. Hata Laufey, ambaye Marvel wamemfanya baba yake na mfalme wa majitu, kule ni mama yake. Tabia, hata hivyo, hawakuibuni. Loki wa kale ananyoa nywele za Sif, mke wa Thor. Thor anapotaka kumvunja mifupa, anakimbilia kwa mafundi vibeti, na sakata hilo linaishia kwa miungu kupata zawadi kadhaa, nyundo ya Thor ikiwamo. Waliokua na visa vya Abunuwasi watamtambua mara moja.

"Kipande cha ndege ndicho kinachomwonyesha Loki halisi."
Wengi wanaamini hivyo, nami naona ni kinyume chake. Mobius, mpelelezi wa idara inayolinda mtiririko wa wakati, aliyechezwa na Owen Wilson, anamwonyesha kipande hicho katikati ya mahojiano, kabla hajambana sawasawa. Ni chambo. Kinachofuata ndicho kiini cha sehemu nzima: Loki anamwona mama yake akifa kwa sababu ya neno alilolisema yeye mwenyewe, anakuta Mawe ya Infinity, yale yenye nguvu kuu katika filamu za Marvel, yamejazana kwenye droo ya ofisi kama vitu vya kuzuilia karatasi zisipeperuke, na mwishowe anakiri kwamba hafurahii kuumiza watu. Ukatili wake, anasema, ni kiini macho cha mtu dhaifu anayetaka aogopwe. Aliyetapeliwa muda wote ni yeye. Ukiondoka na mzaha wa ndege tu, umeondoka na chambo ukaacha samaki.

"Kisa chenyewe ni cha kutunga."
Loki ametungwa, wizi haukutungwa. Tarehe 24 Novemba 1971, mwanamume aliyekata tiketi kwa jina la Dan Cooper aliteka ndege ya shirika la Northwest Orient, Boeing 727, ikitoka Portland kwenda Seattle. Alidai dola 200,000 na parachuti nne. Abiria 36 waliachiwa Seattle, ndege ikaruka tena kuelekea Mexico, na njiani akashuka kwa ngazi ya mkiani akapotelea gizani, mvua ikinyesha. Zile herufi "D.B." hakuzitumia kamwe, ziliingia kwa kosa la waandishi wa habari, baada ya polisi kumhoji mtu mwingine mwenye jina hilo.

"Alikuwa mwizi mstaarabu, hakumdhuru yeyote."
Mstaarabu alikuwa: aliagiza kinywaji akalipa. Lakini mkoba aliomfunulia mhudumu Florence Schaffner ulikuwa na vitu vyekundu na nyaya, naye akaambiwa ni bomu. Mwenzake Tina Mucklow, wa miaka 22, alikaa kando ya mkoba ule kwa saa kadhaa. Tamthilia imeugeuza woga huo kuwa kutongozana kwa tabasamu, na kwa kweli ni hapa tu ndipo ninapowalaumu waandishi wake. Sifa za magazeti nazo zilizaa waigaji. Mmoja wao, Richard McCoy, aliruka na dola 500,000 huko Utah Aprili 1972. Alikamatwa ndani ya siku chache, na mwaka 1974, akiwa ametoroka jela, aliuawa kwa risasi. Ndege za 727 zikafungwa kifaa cha kuzuia ngazi ya nyuma isifunguke angani, kifaa ambacho mpaka leo kina jina la Cooper.

"Alikuwa komandoo aliyejua anachofanya."
Wapelelezi wa FBI walidhani hivyo mwanzoni, kisha wakabadili mawazo. Aliruka na suti na viatu vya mtaani. Moja ya parachuti za akiba alizoletewa ilikuwa ya kufundishia, imeshonwa isifunguke, na inaonekana aliichukua bila kugundua.

"Ilithibitishwa kwamba alikufa" (au, kwa wengine, kwamba alipona).
Mwaka 1980 mtoto wa miaka 8 alifukua dola 5,800 kwenye mchanga wa Mto Columbia, na namba za noti zililingana na zile alizopewa Cooper. Zilizobaki hazijaonekana mahali popote. FBI walisimamisha uchunguzi mwaka 2016. Kwa hiyo anayekuapia kwamba alifia msituni na anayekuapia kwamba alizeekea Mexico wanakisia wote wawili, sawa na waandishi wa tamthilia waliomwita Loki.