Je, wajua kwa nini kombe la George Graham pale Tottenham linabishaniwa mpaka leo?

Oktoba 1998 Tottenham, au Spurs kwa jina la utani, walimkabidhi mikoba George Graham, mtu wa Arsenal kuanzia kisogoni hadi kisiginoni. Alikuwamo kwenye kikosi cha Arsenal kilichobeba ligi na Kombe la FA mwaka 1971, akarudi kama kocha 1986, akatwaa ubingwa wa ligi 1989 na 1991. Akatimuliwa Februari 1995 kwa sababu ya fedha alizopokea kutoka kwa wakala wa wachezaji. Baada ya kufungiwa mwaka mmoja akapitia Leeds, kisha akavuka kwa watani wa jadi.

Mashabiki wa Spurs hawakujua wamwimbeje. Jina lake halikupita kooni, wakawa wanaliimba jeshi la bluu na nyeupe la "mtu wa koti la mvua". Machi 21, 1999, mtu huyo wa koti la mvua akawapa Kombe la Ligi pale Wembley, taji lao la kwanza tangu 1991.

Ubishi ukaanzia hapo. Wa Arsenal wanasema: si mnaona, alihama na dawa yetu ya kukaba. Wa Spurs wanajibu kuwa timu ilikuwa na David Ginola, mchezaji bora wa msimu kwa kura za wachezaji wenzake, na kocha alikuta pilau imeshaiva.

Pande zote mbili zinadhani kombe linathibitisha jambo fulani kuhusu kocha. Linathibitisha kidogo sana. Tazama msimamo wa ligi. Msimu kabla hajafika, Spurs walimaliza wa 14 wakiwa na pointi 44. Msimu wa kombe, ambao aliukuta umeanza, wakawa wa 11 na pointi 47. Uliofuata, wa 10 na pointi 53. Machi 2001 naye akafukuzwa, timu ikamaliza ya 12. Kama kweli alihama na dawa, basi ilikuwa ikifanya kazi katikati ya wiki tu, siku za Kombe la Ligi. Arsenal wenyewe hawakuonekana kuibiwa chochote: mwaka ule walikosa ubingwa kwa pointi moja, 78 dhidi ya 79 za Manchester United.

Kombe na ligi havipimi kitu kimoja. Chukua shilingi, irushe mara tano. Ukitaka kichwa mara zote tano bila mwenge hata mmoja, utafanikiwa mara moja katika majaribio 32. Graham alikuwa na vikwazo vitano: Northampton, Liverpool, Manchester United, Wimbledon na Leicester. (Kikwazo cha kwanza, Brentford, timu ilikivuka chini ya kocha wa muda, David Pleat. Kwa hiyo kombe lenyewe lilianza bila Graham.) Timu yenye nafasi nusu kwa nusu kila raundi itavuka vyote vitano kwa asilimia 3 hivi.

Sasa tuseme kocha hodari anaipinda ile shilingi kidogo, kichwa kikatokea mara 6 kati ya 10. Nafasi ya kombe inapanda hadi karibu asilimia 8. Ni zaidi ya maradufu, kazi kubwa kweli, lakini bado misimu 12 kati ya 13 ataondoka mikono mitupu na ataitwa garasa. Ipinde zaidi, 7 kati ya 10, na bado unafika asilimia 17 tu. Ligi inairusha shilingi hiyohiyo mara 38, na huko mpindo unaanza kuonekana.

Hesabu hii ina mapengo. Wapinzani hawalingani, na United waliofungwa 3-1 kwenye robo fainali, haohao waliomaliza msimu na mataji matatu, hawakupanga baadhi ya nyota wao. Pia Graham alikuwa ameshalitwaa Kombe la Ligi na Arsenal mwaka 1987 na 1993. Mtu anayelichukua mara tatu akiwa na klabu mbili si wa kuambiwa alibahatisha. Na tazama mechi tatu za mwisho: 0-0 na 1-0 dhidi ya Wimbledon, kisha 1-0 dhidi ya Leicester. Dakika 270 bila kuruhusu bao. Hiyo ni sahihi yake kabisa, na hapa wa Arsenal wana hoja.

Ila fainali yenyewe! Justin Edinburgh alilimwa kadi nyekundu kipindi cha pili, Spurs wakabaki pungufu. Mchezo ukiwa unaelekea muda wa nyongeza, Steffen Iversen akapenya kulia, kipa wa Leicester, Kasey Keller, akautema mpira, Allan Nielsen akajirusha na kuupiga kichwa wavuni. Keller angeudaka ule mpira, huenda leo tungekuwa tunabishana kuhusu kocha aliyeshindwa.

Alipofukuzwa 2001, Spurs walikuwa wamebakiza wiki chache kucheza nusu fainali ya Kombe la FA dhidi ya Arsenal. Benchini akakaa Glenn Hoddle, kipenzi cha mashabiki, na jina lake liliimbika bila taabu. Arsenal wakashinda 2-1.