Mikrobiota ya Utumbo na Nafasi Yake katika Umetaboli na Kisukari

Mikrobiota ya utumbo ni jumla ya viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, wengi wao bakteria, wanaoishi katika njia ya chakula na hasa katika utumbo mpana. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa mwanamume mzima wa kawaida hubeba bakteria wapatao trilioni 38, ilhali seli za mwili wake mwenyewe ni takriban trilioni 30, ingawa ukiwakusanya bakteria hao wote uzito wao ni kama gramu 200 tu. Umetaboli, kwa upande wake, ni jina la shughuli zote za kikemikali ambazo kwazo mwili huvunja chakula, hupata nguvu, hujijenga na kuweka akiba. Kisukari ni ugonjwa wa umetaboli: sukari hubaki nyingi katika damu ama kwa sababu kongosho halitoi ya kutosha insulini, homoni inayoziwezesha seli kuchukua sukari kutoka katika damu, ama kwa sababu seli za misuli, ini na mafuta haziitikii insulini ipasavyo, hali inayoitwa ukinzani wa insulini. Makala haya yanahusu zaidi kisukari cha aina ya 2, ambacho huanza na ukinzani huo.

Uhusiano wa bakteria na sukari ya damu hueleweka vizuri zaidi tukifuata safari ya nyuzinyuzi. Wanga laini na sukari humeng'enywa na kufyonzwa katika utumbo mwembamba, lakini nyuzinyuzi za kunde, mboga na nafaka zisizokobolewa hupita hapo zikiwa nzima, kwa kuwa mwili wa binadamu hauna vimeng'enya vya kuzivunja. Zikifika katika utumbo mpana, bakteria huzichachua, na katika uchachuaji huo hutengeneza asidi za mafuta zenye mnyororo mfupi, ambazo tatu kuu ni asetati, propionati na butirati. Butirati hutumika papo hapo kama chakula cha seli zinazotanda ukuta wa utumbo mpana. Sehemu kubwa ya propionati huishia katika ini. Na asetati husambaa mwilini kupitia damu. Katika ukuta huohuo zimo seli chache zenye vipokezi vinavyozitambua asidi hizi, na zinapoguswa nazo hutoa homoni, mojawapo ikiwa GLP-1, ambayo huisaidia kongosho kutoa insulini wakati sukari imepanda, hupunguza kasi ya tumbo kumwaga chakula, na huupa ubongo ishara ya shibe. Baadhi ya dawa za kisukari, kama semaglutidi, hufanya kazi kwa kuiga homoni hiyohiyo. Hata hivyo, dozi ya dawa hizo ina nguvu zaidi kuliko kiasi ambacho bakteria wanaweza kuchochea, na si sahihi kuvilinganisha viwili hivyo kana kwamba kimoja chaweza kushika nafasi ya kingine.

Njia ya pili ni ya ukuta wenyewe. Utumbo umefunikwa kwa ute unaowaweka bakteria mbali na seli, na majaribio ya panya yameonyesha kwamba bakteria wanaponyimwa nyuzinyuzi huanza kuula ute huo. Ukuta ukilegea, vipande vya ganda la baadhi ya bakteria, viitwavyo lipopolisakaridi, hupenya na kuingia katika damu. Mfumo wa kinga huvichukulia kama dalili ya uvamizi, na matokeo yake ni inflamesheni (mwitikio wa kinga kama ule unaotokea kwenye jeraha) iliyo hafifu, isiyo na homa wala maumivu, lakini inayodumu na kuvuruga namna seli zinavyoitikia insulini. Mwaka 2007 watafiti walichapisha jaribio ambalo panya walipewa lipopolisakaridi kidogo kidogo kwa wiki nne, nao wakanenepa na kupata ukinzani wa insulini, karibu sawa na panya waliolishwa mafuta mengi.

Ushahidi mwingine wa mapema ulitoka kwa panya waliokuzwa bila bakteria wowote. Mwaka 2004 ilionekana kwamba panya hao, walipopandikizwa bakteria kutoka katika matumbo ya panya wa kawaida, waliongeza mafuta ya mwili kwa takriban asilimia 60 ndani ya wiki mbili, ijapokuwa walikula chakula kidogo kuliko awali.

Kwa binadamu mambo ni magumu zaidi. Utafiti mkubwa wa China uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta kwamba watu wenye kisukari cha aina ya 2 walikuwa na upungufu wa bakteria wanaotengeneza butirati. Lakini mwaka 2015 ilibainika kuwa metfomini, dawa ambayo wagonjwa wengi huitumia, hubadilisha bakteria wa utumbo, hivyo sehemu ya tofauti iliyohesabiwa kuwa ya ugonjwa ilikuwa ya dawa. Kwa maoni yangu hili ndilo onyo muhimu kuliko yote katika somo hili, kwa sababu kukuta bakteria fulani kwa mgonjwa hakuthibitishi kwamba wao ndio waliomletea ugonjwa.

Huko Amsterdam, wanaume wenye unene na ukinzani wa insulini walipandikizwa kinyesi cha watu wembamba wenye afya, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kuwa baada ya wiki sita miili yao iliitikia insulini vizuri zaidi. Jaribio la baadaye la kundi hilohilo la watafiti, la mwaka 2017, lilionyesha kwamba nafuu hiyo ilikuwa imetoweka kufikia wiki ya 18. Ndiyo maana haifai kabisa kumwambia mgonjwa aache dawa zake ili ategemee vidonge vya bakteria.

Chakula kinawagusa bakteria hao kila siku. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, na asiyezizoea huziongeza taratibu, kwa kuwa uchachuaji huzalisha gesi. Katika jaribio la mwaka 2014, watu waliobadilishiwa mlo wote kwa siku tano walionyesha mabadiliko ya bakteria ndani ya siku chache, na waliokuwa wamelishwa nyama, mayai na jibini pekee walirejea katika hali yao ya awali siku mbili hivi baada ya kuuacha mlo huo.