Ndimu haibadilishi asidi ya damu, hata mkojo ukibadilika

Kuanzia Mtwara mjini hadi Masasi swali ni lilelile: "Daktari, damu yangu imejaa asidi, ninywe ndimu au magadi?" Wengine wameacha hata mabibo msimu huu, eti yanachachua damu. Kuleni mabibo.

Damu ya mtu mzima mwenye afya ina pH (kipimo cha asidi; namba ikishuka, asidi imezidi) ya 7.35 hadi 7.45. Ikikaribia 7.0 mtu huyo ni mahututi. Kiungulia ni habari ya tumbo: mle tindikali hufika pH 1.5 na inatakiwa iwe hivyo. Ikipanda kooni inachoma, lakini haisemi lolote kuhusu damu.

Asidi kubwa ya mwili ni kaboni dayoksaidi, takribani milimoli (kipimo cha kiasi cha kemikali) 15,000 kwa siku, na inatoka kwa pumzi. Asidi nyingine, kama milimoli 1 kwa kila kilo ya uzito, ni kazi ya figo. Bikaboneti, alkali (kinyume cha asidi) iliyomo kwenye damu, hudaka asidi papo hapo, mapafu hurekebisha kwa dakika, figo kwa siku kadhaa.

Kinachoniudhi ni ile karatasi ya kupimia mkojo. Mtu anakunywa ndimu, anaichovya, rangi inaonyesha alkali, anatangaza damu imesafishika. Jamani! Asidi ya sitriki imechomwa na seli ikawa kaboni dayoksaidi na maji. Sitreti, yaani chumvi ya asidi hiyo, iliyokuja na potasiamu imeacha bikaboneti kidogo, figo ikaona imezidi, ikaimwaga. Mkojo huweza kwenda pH 4.5 hadi 8 na damu isisogee. Umebadilika kwa sababu damu imelindwa isibadilike.

Tena mkojo hupotosha kabisa. Aliyetapika mfululizo amepoteza asidi ya tumbo, damu yake imeelemea alkali, lakini mkojo wake unaweza kutoka na asidi: maji, kloridi na potasiamu vimepungua, figo inang'ang'ania sodiamu na kutoa haidrojeni, yaani asidi. Huyo anahitaji dripu ya salaini na potasiamu. Ukimpa magadi unamzidishia alkali. Hata ile bikaboneti ya kupikia, kijiko kimoja cha chai kina zaidi ya gramu 1 ya sodiamu, na mwenye presha haimfai.

Bila maabara, ukitaka kujua kama damu ina asidi kweli, tazama pumzi. Mtoto mwenye malaria kali, au aliyeharisha sana, akianza kuvuta pumzi ndefu, nzito, za mfululizo, huku ukisikiliza kifua unakikuta safi, ni mapafu yanajaribu kutoa asidi. Wengi hudhani ni nimonia au pumu. Wa malaria apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata usiku. Aliyeharisha naye aende, na kama anaweza kunywa apewe ORS njiani, pakiti 1 kwa lita 1 ya maji safi. Sitreti iliyomo hugeuzwa kuwa bikaboneti mwilini.

Na bikaboneti ya mshipani, kwa ambaye damu yake kweli imezidi asidi? Hapo sisi wenyewe hatujaafikiana. Namba ya kipimo inapanda, lakini potasiamu inashuka na kaboni dayoksaidi inaongezeka kwa mapafu yaliyokwisha kuchoka. Kama mgonjwa ananufaika, ushahidi bado unagongana. Kwa mgonjwa wa sukari ambaye damu yake imezidi asidi lakini pH bado iko juu ya 7.0, siiweki. Maji na insulini, huku potasiamu ikifuatiliwa, ndivyo vinavyozuia asidi isiendelee kutengenezwa.