Kikao cha tathmini kianze na yatokanayo

Mameneja wengi ninaowashauri wanafanya tathmini kila mwezi. Taarifa zinaandaliwa, watu wanakaa saa mbili, chati zinapita ukutani moja baada ya nyingine, kisha kila mtu anarudi ofisini kwake. Mwezi unaofuata tatizo lile lile linasomwa tena. Nikiomba muhtasari wa vikao vya nyuma, nakuta umejaa "timu iongeze juhudi" na "suala lifuatiliwe". Lifuatiliwe na nani? Hadi lini? Tutajuaje kwamba limekwisha?

Ndiyo maana kitu cha kwanza ninachokigusa ni ajenda. Yatokanayo na kikao kilichopita huwa yanapitishwa harakaharaka ili watu wawahi takwimu. Mimi nayapa nafasi ya kwanza na muda mrefu kuliko jambo lingine lolote. Tuliazimia nini? Kimefanyika? Na kama kimefanyika, kimeleta tulichokitarajia? Swali hili la tatu ndilo linalosahaulika, na ndilo lenye mafunzo mengi. Idara inaweza kutekeleza azimio lote na hali isibadilike hata kidogo, na hapo unajua kwamba chanzo cha tatizo hamkukipata. Lakini hutaligundua hilo kama siku ya kuazimia hamkuandika mlichokitarajia. Kwa hiyo azimio liandikwe pamoja na jina la mhusika mmoja ("idara ya mauzo" si jina), tarehe ya mwisho, na namba inayotarajiwa kubadilika, kutoka ngapi hadi ngapi. Azimio lisiloweza kuandikwa hivyo bado ni maoni tu, na lirudishwe likafikiriwe.

Kwenye takwimu zenyewe, tatizo kubwa ni kulinganisha mwezi huu na uliopita, basi. Mauzo yakishuka kwa asilimia 4, watu wanaanza kutafuta mchawi. Yakipanda kwa asilimia 4, wanapongezana. Mwaka 1924 Walter Shewhart, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Western Electric nchini Marekani, alipendekeza chati ya kutenganisha mabadiliko ya kawaida na yale yenye sababu maalumu. Wazo lake ni kwamba kila kazi ina kupanda na kushuka kwake. Kumwita mtu ajieleze kwa kila mtikisiko ni kumwonea, na tena kunamfundisha kutunga sababu.

Huhitaji programu ya gharama. Weka miezi 24 kwenye chati moja na upige mstari wa wastani. Biashara yako ikiwa na misimu, linganisha kila mwezi na mwezi kama huo wa mwaka uliotangulia. Namba zikicheza juu na chini ya mstari bila mpangilio, hakuna kipya kilichotokea, na ukitaka matokeo bora itakubidi ubadili utaratibu wenyewe wa kazi. Lakini miezi minane mfululizo ikiwa chini ya mstari, simama. Kama kila mwezi ungekuwa na nafasi sawa ya kuangukia juu au chini, uwezekano wa yote minane kuwa chini kwa bahati tu ni 1 kati ya 256. Hapo kuna jambo, na muda wa kikao utumike kulitafuta.

Ukurasa ninaoupenda kuliko yote ni orodha ya wadaiwa iliyopangwa kwa umri wa deni. Chukua biashara ambayo bidhaa zinakaa stoo siku 45, wateja wanalipa baada ya siku 60, na yenyewe inawalipa wauzaji wake ndani ya siku 30. Jumlisha 45 na 60, toa 30: kwa siku 75 fedha yako iko nje. Mauzo yakiongezeka kwa nusu na siku hizo zisibadilike, fedha iliyofungwa huko nayo inaongezeka kwa nusu. Hivyo ndivyo biashara yenye faida vitabuni inavyoshindwa kulipa mishahara katikati ya shangwe za ukuaji. Jumla ya madeni haitakuonyesha hilo. Soma jina kwa jina. Mteja aliyezoea kulipa kwa siku 30, akaenda 45, na sasa yuko 70, anakwambia kitu ambacho taarifa ya faida na hasara itakwambia baadaye sana. Mpigie simu mwenyewe, usimtumie barua ya ukumbusho.

Angalia pia usije ukaharibu kipimo kwa kukifanya lengo, jambo ambalo mwanauchumi Charles Goodhart wa Uingereza alilieleza mwaka 1975 akizungumzia sera za fedha. Ukiwapima wahudumu wa simu kwa idadi ya simu wanazopokea kwa saa, watajifunza kuzikata mapema. Kipimo hicho kiende sambamba na idadi ya wateja waliolazimika kupiga tena kwa tatizo lile lile. Viwili vikisomwa pamoja, ni vigumu kudanganya.

Kuhusu ratiba sina mengi. Kila wiki, dakika chache za kazi zilizokwama. Kila mwezi, fedha na maazimio. Kila robo mwaka, maswali mazito: bidhaa ipi inatula muda kuliko inavyolipa, na mteja yupi tunamhudumia kwa hasara. Katika kikao hicho cha robo mwaka pitieni pia ripoti zenu zote. Ile ambayo haijazaa uamuzi wowote kwa robo mbili mfululizo, isimamishwe, na muda wa aliyekuwa akiiandaa uhamishiwe kwenye kufuatilia maazimio.